Kilo Kumi na Saba

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi mshale wa geji ulikuwa ukiruka na kuanguka, na kila ukiruka kilele chake kilikuwa kumi na saba. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mkono wa kulia kwenye ufunguo, geji pajani. Alihesabu miruko minane, akauachia ufunguo. Stata ikanyamaza, mshale ukarudi sifuri. Akachukua chaki na kuandika kwenye dashibodi: nne, kumi na saba.

Juu ya mstari huo kulikuwa na mitatu mingine. Silinda ya kwanza kumi na saba, ya pili kumi na saba, ya tatu kumi na sita na nusu. Kitabu cha injini kilikuwa wazi kwenye kiti cha abiria. Kilisema kwamba injini mpya ya aina hiyo hubana hewa hadi kilo thelathini kwa kila sentimita ya mraba, na kwamba ikishuka chini ya ishirini haifai tena mpaka ifunguliwe. Gerejini walisema "kilo" tu, na kila mtu alielewa.

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto wa kuunguza mafuta, na isipobanwa vya kutosha hakuna moto. Kupima kompresheni ni kuuliza swali hilo moja: je, bado inabana? Alhamisi jibu lilikuwa hapana. Leo Jumamosi, betri ikiwa imechajiwa usiku kucha na injini ikiwa na joto, jibu lilikuwa lilelile.

Gari lilikuwa la Shangazi, shemeji yake fundi. Lilikuwa gari dogo jeupe la mizigo, lenye umri wa miaka thelathini na moja, na kwa sababu ya kazi yake mtaa mzima ulikuwa ukiliita Mtetea. Kwa miaka kumi na tisa Shangazi alikuwa amesambaza mayai kwa gari hilo, trei mia moja na arobaini kila alfajiri, kwa maduka, viwanda viwili vya mikate na jiko la hospitali. Kwa wiki tatu zilizopita Mtetea alikuwa mgumu kuwaka asubuhi. Alikohoa, akatoa moshi mweupe, akachukua robo saa kukubali. Mwenye mayai alikuwa amesema wazi kwamba Jumatatu alfajiri zamu itapewa mtu mwenye gari linalowaka.

Pistoni na ringi za injini ile hazikuwa zikipatikana tena, kwa hiyo kumi na saba haikuwa namba ya kurekebisha. Ilikuwa hukumu. Lori la chuma chakavu lilikuwa limeagizwa lije saa sita mchana.

Fundi aliitwa Hakika, kwa kuwa katika miaka ishirini na sita ya ufundi hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema "labda". Mkono wake wa kushoto ulipungukiwa na ncha ya kidole cha shahada. Miaka kumi na moja iliyopita alimwambia fundi mwenzake angoje, mwenzake akasikia azungushe, na mkanda wa feni ukafanya kazi yake. Tangu siku hiyo alikuwa na sheria moja: mkono ulio karibu na injini na mkono ulio kwenye ufunguo ni lazima iwe ya mtu mmoja. Akiinama chini ya boneti, ufunguo huning'inia shingoni mwake kwa kamba ya viatu.

Sheria hiyo ilikuwa na tatizo lake, kwani geji yake haikushikilia kipimo. Kivavu cha kuzuia hewa isirudi kilikuwa kimekufa zamani na alikuwa amekitoa, kwa hiyo geji ilipaswa kusomwa wakati stata inazunguka. Kwa miaka mingi alisimama kando ya injini na kuiamsha stata kwa bisibisi, mpaka mwezi wa tatu mwaka huu cheche iliporuka na kumwondolea nyusi zote mbili. Mwezi huohuo akanunua mpira mwembamba wa mita mbili. Ncha moja aliifunga kwenye kichwa cha silinda, mpira akaupitisha pembeni ya boneti hadi dirishani, na geji akailaza pajani. Sasa aliweza kuzungusha ufunguo na kusoma peke yake, na nyusi zikaota tena.

Mtu wa tatu pale gerejini alikuwa binti wa kaka yake Shangazi. Alikuwa mpima mizani wa serikali, na kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na jiwe la kilo moja lenye muhuri na kuwaharibia watu siku. Hakuja kupima kitu. Alikuja kumchukua shangazi yake, kwa sababu mtu anayeacha gari kwenye chuma chakavu anahitaji usafiri wa kurudi nyumbani. Aliingiza kichwa dirishani kusalimia, akaona namba za chaki, na hakukitoa kichwa.

"Fundi," alisema, "hizi silinda ni mapacha?"

Hakika alimjibu kwamba zimezeeka pamoja, kama yeye na shemeji yake. Shangazi, aliyekuwa akipangua trei tupu kutoka nyuma ya gari, alimwambia azeeke peke yake.

Mpima hakucheka. Alieleza kwamba injini yenye kilomita laki nne haichakai kwa usawa. Silinda moja hupata joto zaidi, nyingine hupata vumbi zaidi, vavu moja huungua kabla ya nyingine. Alitarajia kuona ishirini na tano, kumi na tisa, ishirini na mbili, kumi na nne. Tofauti ya nusu kilo kati ya silinda nne haikufanana na uzee. Ilifanana na kitu alichokiona kila wiki.

"Nikikuta vifuko ishirini vya sukari na vyote vimepungua gramu hamsini," alisema, "siilaumu sukari."

Hakika alishuka garini na kuweka geji kwenye boneti mbele yake, kama mtu anayeweka kitambulisho mbele ya askari. Alisema ipimwe, hapo hapo, mbele ya mwenye mali. Mficha uchi hazai.

Saa tatu na dakika tano mpima alileta geji ya serikali kutoka kwenye gari lake, ikiwa ndani ya boksi lake na risasi yake ya muhuri. Geji zote mbili zilifungwa kwenye tangi moja la kompresa. Kwenye kilo nne zilisoma nne. Kwenye sita zilisoma sita. Kwenye nane, ambayo ndiyo mwisho wa kompresa, zilisoma nane, na usingeona tofauti hata ya upana wa wembe. Aliandika kwamba juu ya nane hajathibitisha kitu, lakini hakuona dalili ya geji kusema uongo.

"Mzani wangu hauna dhambi," alisema Hakika. Shangazi alirudi kwenye trei zake. Saa tatu na dakika ishirini na tano hali ilikuwa vilevile, isipokuwa mpima alikuwa amekosea mara moja.

Alianza upya kwa yale ambayo yangeweza kuonekana. Aliuliza kama gari lilivutwa kuja gerejini. Hapana, lilikuja lenyewe. Aliuliza kama linakula oili. Shangazi alisema anaongeza kikombe kimoja kwa miezi miwili. Aliomba injini irudishiwe plagi zake na iwashwe. Iliwaka kwa shida baada ya kuzungushwa sekunde arobaini, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia. Alifungua kifuniko cha oili na kuweka juu ya tundu kipande cha boksi la mayai. Silinda zilizochakaa hupuliza hewa kwenye tundu hilo mpaka kitu kama hicho kinaruka. Kipande kilitetemeka kidogo na kubaki palepale.

Injini ilizimwa, plagi zikafunguliwa tena. Hizi hazikuwa plagi za cheche. Zilikuwa zile nyembamba zinazopasha chumba cha moto kabla ya kuwasha, ambazo mafundi huziita hita. Mpima aliuliza zilipimwa lini. Hakika alisema hazikupimwa. Hakukuwa na haja, kwa maana kumi na saba ilikuwa imejibu maswali yote, hata yale ambayo hayajaulizwa. Lakini alipokwisha kusema hivyo alizitazama zile hita nne mkononi mwake, akaenda mwenyewe kwenye betri. Ya kwanza iliwaka nyekundu kwa sekunde sita. Ya pili haikufanya kitu. Ya tatu nyekundu. Ya nne haikufanya kitu.

Alirudia ya pili na ya nne kwa waya mwingine. Hazikufanya kitu.

Shangazi aliacha trei. Aliuliza kama hita mbili mbovu zinatosha kuleta moshi na ugumu ule wote wa asubuhi, na Hakika akakiri kwamba zinatosha. Hata hivyo, alisema, hita haziondoi kumi na saba. Mtu anaweza kuwa na mafua na bado akafa kwa moyo.

Hapo ndipo mpima alipoushika mpira. Aliufuata kwa vidole kuanzia kwenye hita ya zamani iliyotobolewa katikati, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye silinda, ukapita kwenye bawaba ya boneti, ukaingia dirishani, hadi kwenye geji. Alifuata mita mbili zote. Kisha akauliza swali ambalo Hakika alilisimulia baadaye kwa kila mtu aliyetaka kusikia.

"Hewa inayojaza mpira huu inatoka wapi?"

"Kwenye silinda," alisema Hakika, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo.

Saa nne na dakika kumi waliupima. Hakika alikuwa na bomba la sindano la kuvutia mafuta ya breki. Alilisafisha, akavuta maji, akayasukuma ndani ya mpira polepole mpaka tone la kwanza likatokea upande wa pili. Yaliingia mililita kumi na nne. Mpima alichukua kitabu cha injini. Kila silinda ilivuta nusu lita ya hewa, na pistoni ikifika juu nusu lita hiyo ilibaki kwenye nafasi ya mililita ishirini na nne. Hiyo ndiyo siri yote ya dizeli, alisema: nusu lita ndani ya kikombe cha kahawa, na kikombe chenyewe hakijai. Lakini kwa mpira ule pistoni haikuwa ikiibana hewa kwenye mililita ishirini na nne. Ilikuwa ikiibana kwenye thelathini na nane.

"Kwa hiyo mlimwongezea chumba," alisema Shangazi.

"Chumba na sebule," alisema mpima.

Hakika hakuwa amekaa chini, lakini alishika ukingo wa boneti. Alisema injini za petroli amepima nyingi kwa mpira uleule na zikatoa namba za kawaida. Mpima alimwambia petroli haibani sana. Nafasi yake ya juu ni kubwa zaidi ya mara mbili, mililita kumi na nne zinapungua humo kama maji kwenye pipa. Kwenye dizeli zinaiba karibu nusu.

Alichukua trei ya mayai, akaigeuza, akakokotoa nyuma yake kwa kalamu ya wino. Halikuwa suala la kugawanya tu, kwa kuwa hewa inayobanwa hupata joto na joto huongeza shinikizo. Alikokotoa mara mbili kwa njia mbili. Kisha akakata kipande cha karatasi yenye gundi, akaandika ishirini na nane, kilo ambazo geji ingesoma bila mpira, na kukibandika kwenye kioo cha mbele, namba ikitazama nje.

Hakika aliisoma. Aliuliza, "Ukiandika kabla ya kupima, huo ni utabiri au hesabu?"

"Ukitimia ni hesabu."

Sasa hakuna aliyekuwa amesimama mahali pamoja. Shangazi alikwenda getini na kurudi. Hakika alipekua droo tatu mpaka akapata kiungo kifupi cha shaba kitakachofunga geji moja kwa moja kwenye hita iliyotobolewa, bila mpira. Mpima alikimwagia maji kwa sindano: chini ya mililita moja. Saa nne na nusu kila kitu kilikuwa tayari, na ndipo walipoliona tatizo.

Bila mpira, geji ingekaa palepale kwenye injini, chini ya boneti. Stata ya Mtetea ilikuwa chini kabisa, upande wa pili, na bisibisi isingeifikia. Mtu mmoja angezungusha ufunguo na mwingine angesoma, uso wake ukiwa juu ya mkanda wa feni.

Mpima alijitolea kusoma, Hakika azungushe. Hakika alikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, hangeweka uso wa mtu mwingine mahali ambapo kidole chake kilibaki. Ya pili, mpima ndiye aliyeandika namba kwenye kioo, na hakuna soko ambako muuza nyama hujisomea mzani. Mpima alikiri kwamba la pili ni haki tupu. Basi asome Hakika mwenyewe, ufunguo ashike mwingine. Hakika aligusa kamba shingoni na kusema hapana. Miaka kumi na moja, hapana. Alipendekeza kioo cha kunyolea kifungwe kwenye boneti. Walijaribu, ila kutoka kwenye kiti cha dereva kilionyesha redieta tu. Walijaribu vioo viwili, wakaona redieta mara mbili.

Saa tano na dakika ishirini honi ilisikika nje. Lori la chuma chakavu lilikuwa limewahi kwa dakika arobaini. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya sufu kwenye jua, aliingia akiburuta mnyororo, akamzunguka Mtetea mara moja na kuuliza avutie mbele au nyuma. Alisema ana mzigo mwingine baada ya huu na hawezi kungoja maombolezo.

Shangazi alimtazama shemeji yake. Hakumwomba. Alisimama tu kando ya mlango wa dereva, mikono mitupu.

Hakika alivua kamba shingoni.

Hakumpa mpima ufunguo, alimpa Shangazi. Alimwambia maneno yatakuwa mawili, "zungusha" na "acha", na kwamba neno lingine lolote atakalolisikia, hata jina lake, hata kilio, ni "acha". Shangazi alisema amebeba mayai miaka kumi na tisa.

"Najua," alisema Hakika. "Ndiyo maana nakupa wewe."

Aliinama. Silinda ya kwanza ilikuwa mbele kabisa, vidole vitatu kutoka kwenye mkanda. Alifunga hita iliyotobolewa, akafunga kiungo cha shaba, akafunga geji, akaijaribu kwa spana. Mkono wa kushoto akauweka nyuma ya mgongo na kuushika mkanda wa suruali yake. Mpima alisimama hatua mbili pembeni, pasipoonekana mshale. Dereva wa lori aliacha kukunjua mnyororo.

"Zungusha."

Stata ililia. Mshale uliruka hadi ishirini na mbili kwa pigo la kwanza. Ulianguka, ukaruka hadi ishirini na sita. Ukaanguka. Ishirini na saba. Ukaanguka, ukaruka, na kilele kikawa ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na nane.

"Acha."

Stata ilikatika kabla ya herufi ya mwisho. Hakika alibaki ameinama. Alisema zungusha tena, na stata ikazunguka tena, na alipoiacha alitoka chini ya boneti na kwenda hadi kwenye kioo cha mbele kukisoma kile kipande cha karatasi kama mtu asiyejua kusoma vizuri. Kisha akaandika juu ya bati la tairi kwa chaki: moja, ishirini na nane.

Dereva wa lori aliuliza kuna nini. Hakika alikuwa tayari akihamishia geji silinda ya pili.

Silinda ya pili, ishirini na nane. Hakika alikuwa ameanza kufanya haraka, na Shangazi akamwambia kutoka ndani kwamba asikimbie, yai halikimbizwi. Ya tatu ilitoa ishirini na saba, na aliirudia mara tatu kwa sababu haikuwa ishirini na nane. Ilibaki ishirini na saba. Mpima alisema hiyo ndiyo namba aliyoipenda kuliko zote, kwani haikuwa pacha wa zile nyingine. Ya nne ilikuwa nyuma, karibu na kioo, na ilibidi apande juu ya bamba la mbele na kulala kifudifudi. Zungusha. Acha. Sauti yake ilitoka ndani ya injini.

"Ishirini na nane."

Shangazi alitoa ufunguo, akashuka, akafunga mlango taratibu kama anavyoufunga kukiwa na mayai. Kisha akampiga shemeji yake kibao cha mgongo ambacho dereva wa lori alikisikia kutoka getini. Injini mpya ilikuwa thelathini. Ya Mtetea, baada ya kilomita laki nne, ilikuwa ishirini na nane.

"Mnaniita msibani," alisema dereva wa lori, "na maiti anaomba chakula."

Alikunja mnyororo wake bila kinyongo. Alisema heri, ana trekta la kuchukua kwa mama mwenye tanuri la matofali, kilomita kumi na mbili kutoka pale, atafika mapema. Alikwenda kwanza kula. Lori lilitoka saa tano na dakika hamsini na tano.

Hakika alikuwa ametabasamu mpaka hapo. Sasa aligeuka na kutazama ukuta wa gereji, upande wa kabati la vifaa. Vipimo vyote vya zamani alikuwa ameviandika pale kwa chaki na hakuvifuta. Tangu mwezi wa tatu kulikuwa na dizeli tatu kabla ya Mtetea: jenereta ya chumba cha baridi, pikapu ya fundi bomba, trekta la mama wa matofali. Zote zilikuwa chini ya kiwango. Chini ya kila moja alikuwa ameandika neno moja: imekufa. Alikuwa amewaambia watu kwamba huu ni mwaka mbaya wa dizeli.

Mpima alizisoma pia. Alisema kwa uaminifu kwamba hajui. Huenda mojawapo ilikuwa imekufa kweli. Hakika alimwambia jenereta ilishakatwakatwa na pikapu ilishabadilishwa injini. Alimpigia simu mama wa matofali. Iliita mpaka ikakata. Alipiga ya pili na ya tatu. Iliita mpaka ikakata.

Alimpigia dereva wa lori, akampata katikati ya tonge. Dereva alisema yeye hutumwa na mwenye mali, si na fundi. Mwenye trekta akimwambia asichukue, hachukui. Fundi akimwambia, bado anachukua.

Shangazi aliuliza hita mbili zinafungwa kwa dakika ngapi.

Hakika alikuwa nazo rafuni, za mtumba, kutoka kwenye injini nyingine. Alizijaribu kwenye betri, zikawaka nyekundu zote mbili. Alizifunga kwa dakika tisa, na katika dakika hizo tisa ufunguo ulikuwa mkononi mwa Shangazi wala hakuuomba. Injini ilikuwa imeshapoa. Saa sita na dakika ishirini na tatu Shangazi alizungusha ufunguo hatua ya kwanza, akahesabu mpaka kumi, akazungusha hatua ya pili. Mtetea aliwaka kwa sekunde mbili. Hakukuwa na moshi mweupe.

Mpima aliacha gari lake gerejini, kwa kuwa Mtetea anayewaka ndiye ushahidi, na kubanana nao mbele, kitabu cha injini mapajani. Hakika alikaa dirishani, geji mkononi, kiungo cha shaba kimeshafungwa. Mpira wa mita mbili ulibaki sakafuni pale ulipoangukia. Kipande cha karatasi chenye ishirini na nane kilikuwa bado kwenye kioo, na Shangazi ilibidi ainamishe kichwa ili aone barabara. Hakuna aliyekibandua.

Kwa miaka kumi na tisa hakuwa amezidisha kilomita hamsini kwa saa. Kwenye mteremko wa kwanza alipita sitini na tano. Trei tupu nyuma zilianza kupiga makelele, Hakika akashika dari, na Shangazi akamwambia kwamba leo hakuna yai, akae vizuri. Saa sita na dakika arobaini walilipita lori, likiwa limeegeshwa kando ya kibanda cha chakula, mnyororo ukining'inia nyuma. Dereva alikuwa ananawa mikono. Aliwaona, akainua mkono wenye maji, na akaanza kutembea kwenda kwenye lori lake.

Barabara ya kwenda kwenye tanuri la matofali ilikuwa na mashimo na vumbi jekundu. Mpima alitazama nyuma mara nne. Mara ya nne aliona vumbi lingine nyuma ya vumbi lao.

Saa saba kasoro dakika tano Mtetea alisimama mbele ya lango la mabati. Hakika alishuka kabla gari halijatulia, akagonga kwa ngumi, kisha kwa geji, kisha tena kwa ngumi kwa sababu ya kuionea huruma geji. Injini ya Mtetea iliendelea kunguruma nyuma yake. Ndani mbwa alibweka, na mwanamke akauliza ni nani anayetaka kulivunja lango lake. Alijibu kwamba ni fundi, na kwamba alikosea.

Komeo lilivutwa. Lango lilifunguliwa saa saba kamili. Trekta lilikuwa bado pale.